Ushauri Wako Unalipiwa na Nani?

(Maneno haya niliyasema Kasulu mbele ya vijana wanaojiandaa kujitolea katika huduma za afya katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Baadhi yao waliniomba niyaandike. Nimeyanyoosha kidogo tu.)

Marahabani, wanangu. Kaeni. Walio nyuma wasogee mbele, maana sauti yangu imezoea wodi ya usiku kuliko ukumbi.

Nimeombwa nizungumzie mahitaji ya kiafya ya wakimbizi. Kwa wiki nzima mmefundishwa dalili za malaria, namna ya kupima mkono wa mtoto kwa utepe, na kunawa mikono kwa hatua zake zote. Madaftari yamejaa, sina haja ya kurudia. Kuna jambo moja tu ambalo sidhani mmeliandika: kila ushauri mtakaompa mtu kule kambini una gharama, na atakayeilipa si ninyi. Miongoni mwenu wapo ambao ni wakimbizi wenyewe, nawaona pale kwenye dirisha. Nikikosea, mnisahihishe hadharani, msisubiri tumalize.

Tuanze na ushauri unaoonekana mwepesi kuliko wote: "Mama, chemsha maji ya kunywa." Nani hapa hajawahi kuutoa? Haya, tuupigie hesabu. Maji hayachemki bila kuni. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na tangu hapo maelfu ya mafiga yamekuwa yakitegemea msitu uleule. Kuni za karibu ziliisha zamani. Zilizobaki ziko nje ya kambi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi asitoke eneo alilopangiwa bila kibali. Kwa hiyo anayefuata kuni huzifuata kwa kujificha, na katika kaya nyingi anayetumwa ni mwanamke au binti. Huko porini wanawake wamepigwa, wamenyang'anywa mapanga yao, wamebakwa. Hakuna mama wa Nyarugusu anayehitaji kusoma ripoti ili ayajue hayo. Sasa wewe umesimama mlangoni na fulana mpya, unamwambia achemshe maji. Anakuitikia vizuri, "Ndiyo, nimesikia." Ukiondoka, hachemshi. Jioni unaandika kwenye fomu kwamba jamii ina uelewa mdogo.

Uelewa anao. Amepiga hesabu ambayo wewe hukuipiga.

Sisemi maji yasichemshwe. Nasema uanze kwa kuuliza. Bomba lenu linatoa maji saa ngapi? Foleni inachukua muda gani? Mnayahifadhi kwenye nini? Maji ya bomba kambini hutiwa klorini, na mara nyingi yanapotoka bombani yako salama. Yanachafukia njiani na ndani ya nyumba: kidumu kimeota utando wa kijani, ndoo haina mfuniko, kikombe kimoja kinachovya kila mkono. Kusugua kidumu kwa mchanga na changarawe kidogo, kukitikisa na kukisuuza, hakuhitaji kuni hata kijiti kimoja. Kutafuta mfuniko, hali kadhalika. Huo ni ushauri ambao mama anaweza kuumudu leo hii.

Tena tusisahau wingi wake. Viwango vya kimataifa vinavyoitwa Sphere vinataka mtu apate angalau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Kaya ya watu sita inahitaji lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Kabla hujamfundisha mtu kunawa mikono mara kumi kwa siku, hesabu ndoo zilizopo uani.

Wenyeji wa Kigoma mnaikumbuka Mei ya 2015. Warundi walikuwa wanakimbia machafuko nchini kwao, na maelfu kwa maelfu wakaishia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, mahali ambapo njia ya kutokea ilikuwa maji tu. MV Liemba, meli ile ya enzi za Wajerumani, ikawa inawabeba kwa mamia mpaka Kigoma mjini, wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha safari ya kambini. Kipindupindu kililipuka. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameugua maelfu, wamekufa zaidi ya 30, na wawili kati ya waliokufa walikuwa Watanzania, kwa wale wanaodhani afya ya mkimbizi ni habari ya wakimbizi peke yao.

Katika mazingira kama yale, ushauri wa "tumieni choo" una maana gani? Choo kiko wapi? Sphere hiyohiyo inataka choo kimoja kwa watu 20, na hata dharura ikiwa imepamba moto, wasizidi 50. Watu waliojaa ufukweni bila vyoo hawakuwa wamesahau ustaarabu. Walikosa pa kwenda. Kazi ya mtu wa kujitolea siku kama hiyo ni kubeba jembe na kuchimba, au kumkalia kooni anayehusika na uchimbaji. Kipaza sauti kitasubiri.

Lakini msife moyo mkadhani kwamba asiye daktari hana analoweza. Mwaka 1971 vita ya Bangladesh iliwasukuma mamilioni ya watu kuvuka mpaka na kuingia India. Katika mji wa Bangaon, daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, alikuta wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni na maji ya dripu yanaelekea kuisha. Akaagiza chumvi na glukosi zichanganywe na maji, mchanganyiko ukawekwa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakaambiwa wawanyweshe wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Vifo vilikuwa vimefika karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa waliotibiwa hivyo vikashuka hadi chini ya 4. Waliofanya kazi ile walikuwa mama, kaka na shangazi, watu ambao hawakuwahi kushika sindano. Mnaelewa kwa nini ilifaulu? Kwa sababu dawa iliwekwa mahali ambapo mkono wa ndugu unaifikia, bila kulipia chochote.

Kipimo mnakijua, lakini nitakirudia kwa kuwa nimeona watu wakikikoroga: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae mlima. Chumvi ikizidi, mtoto anadhurika. Na hata hapo angalieni bei: si kila kaya ina sukari. Tembeeni na pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kuharisha, mfukoni, na mtoto anayeharisha apelekwe apate pia vidonge vya zinki. Akiwa hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea, au amepata degedege, hapo hakuna mafunzo wala maelezo. Mnambeba, mnakwenda.

Sasa chakula. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu na yale mabango yenye samaki, mayai, parachichi na glasi ya maziwa. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu. Nusu! Halafu mtu anabandika bango la mlo kamili ukutani kwenye kituo cha kugawia chakula. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kwenda kutafuta kibarua, kwa hiyo akitaka mboga au sabuni, mara nyingi huuza sehemu ya mahindi yake. Ukimwona anauza, usikimbilie kusema hajali watoto. Muulize anakwenda kununua nini. Huenda ni sabuni ileile uliyomhimiza anawie.

Lishe ya mkimbizi huamuliwa mbali sana na jiko lake, na Malawi ilijifunza hilo vibaya. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 walipata pelagra. Ngozi inachubuka na kuwa nyeusi pale jua linapopiga, shingoni na mikononi, tumbo linaharisha, na mwishowe akili inavurugika. Chanzo ni upungufu wa vitamini B3. Karanga zilikuwa zimekatika kwenye mgao, watu wakabaki wanategemea mahindi. Hakuna somo ambalo lingewaponya watu wale. Karanga zingewaponya. Mtu wa kujitolea wa pale, aliyepita nyumba kwa nyumba akaona shingo zinafanana, alikuwa na taarifa yenye thamani kuliko hotuba zote za lishe.

Utepe wa mkono mnao. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12.5 ni njano. Mtoto wa nyekundu anapewa chakula dawa, zile pakiti za siagi ya karanga. Wiki mbili baadaye uzito haujapanda, na mama anaanza kufokewa kwamba anagawa pakiti kwa watoto wengine. Bila shaka anagawa. Wako wanne, wote wana njaa, na mmoja analamba karanga tamu mbele ya wenzake. Mama gani angeweza kuwanyima? Badala ya kumfokea, waulizieni hao wengine: wamepimwa? Wameandikishwa kwenye mpango wowote? Kadi ya mgao ina majina yao wote, au aliyezaliwa juzi bado hajaingizwa?

Na mniahidi jambo moja. Msipeleke makopo ya maziwa ya unga kwa mama anayenyonyesha, hata kama mmechangishana kanisani kwa moyo safi. Kopo linataka maji salama, kuni, chupa inayochemshwa, na kopo jingine wiki ijayo. Siku linapokwisha, ziwa la mama nalo limeshapunguza. Mama anayesema maziwa hayatoki mpelekeni kwa mkunga, na mjue yeye mwenyewe amekula nini tangu asubuhi.

Nitapita haraka kwenye malaria kwa sababu ndiyo mliyofundishwa sana. Niongeze tu: mkiingia nyumbani msihesabu vyandarua, hesabuni wanaolala na mahali wanapolalia. Kwenye hema, chandarua hakina pa kufungwa.

Yaliyofundishwa kidogo ni magonjwa ya muda mrefu. Watu wakisikia kambi, wanawaza kipindupindu na surua. Lakini mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa sasa anakaribia miaka 30 na ana watoto wake. Wazazi wake wamezeekea hapo. Wana presha, wana kisukari, wana miguu inayowaka moto usiku. Magonjwa haya yanataka dawa kila siku, miaka nenda rudi, na mtu hajisikii kuumwa. Tatizo la dawa lenyewe huwa halipo pale mnapodhani. Chukueni bibi aliyepewa dawa ya presha ile inayoongeza mkojo. Anaimeza jioni baada ya kula, kwa kuwa mlo wake wa maana ni huo mmoja. Usiku anaamka mara tatu. Choo kiko mbali, hakuna taa, na njiani kuna walevi. Siku ya tatu anaacha dawa. Kwenye faili lake panaandikwa kwamba ni mgonjwa asiyefuata masharti. Kama mtu angemuuliza, "Bibi, unaimeza saa ngapi, na usiku inakuwaje?", mganga angemwelekeza aimeze asubuhi, na habari ingeishia hapo. Angalizo: anayebadilisha dawa ni mganga. Wewe unabeba swali na kurudisha jibu.

Vilevile insulini inataka ubaridi, na kambini jokofu la nyumbani ni ndoto. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kivulini, hupunguza joto vya kutosha kuikinga kwa muda. Bibi zetu walipoza maji hivyo. Ongeeni na kliniki kabla ya kumfundisha mtu, ili wote mseme kitu kimoja.

Nije kwenye yale yasiyoonekana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yenye vita, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili la namna fulani. Lakini hakuna atakayekuja kwako akakuambia hivyo. Atasema kichwa kinamuuma, mgongo, moyo unakimbia, hapati usingizi. Atarudi mwezi ujao na maumivu yaleyale na atapewa Panadol zilezile. Mkikutana na mtu wa aina hiyo, msimchimbe. Vijana mna udadisi, mnataka kusikia alivyovuka mto, nani aliuawa, alikuwa wapi. Hadithi hiyo ni mali yake. Nawe baada ya kuisikia utakwenda kunywa chai, yeye atabaki nayo usiku kucha. Kaa naye, msikilize anachotaka kusema, muulize analala vipi, anakula, ana nani wa kuzungumza naye, kisha mwambie ukweli kuhusu huduma iliyopo na siku zake. Anayesema amechoka kuishi haachwi peke yake, na taarifa inatolewa siku hiyohiyo.

Mwanamke aliyebakwa. Hapa saa ndiyo gharama. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Nimeona muda huo ukiliwa na watu wenye nia njema kabisa: kwanza apelekwe kwa kiongozi wa zoni, kisha wazee wakae, kisha familia zipatane, kisha itafutwe PF3 ya polisi. Matibabu hayasubiri PF3, hayasubiri kikao. Akikubali, mnakwenda naye hospitali moja kwa moja, na fomu itamkuta huko. Asipokubali, humlazimishi, lakini hakikisha anajua kwamba saa zinahesabika. Usimuulize ilikuwaje. Ataulizwa na wanaopaswa kuuliza, na kusimulia mara moja kunatosha kuumiza.

Hapo ndipo fulana yako inapokuwa tatizo. Ile rangi inaonekana toka mwanzo wa kijiji. Ukiingia nyumba moja mara tatu kwa wiki, majirani wanaanza kutafsiri: huyu ana kifua kikuu, huyu anakwenda CTC, kliniki ya VVU, binti wa huyu kuna jambo limempata. Ndani ya kambi watu wanaishi ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe mwingine ni turubai. Kwa ziara za namna hiyo vua fulana, au tembelea nyumba zote za mstari ule. Picha za simu sitazizungumzia. Mnajua.

Lugha nayo. Wengi mtaelewana kwa Kiswahili, cha kwao na cha kwenu. Wapo wazee wa Kibembe na Warundi wengi ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, na ugonjwa hausemwi kwa lugha ya sokoni. Usimtumie mtoto wake kutafsiri. Mama hawezi kueleza damu inayomtoka kupitia kinywa cha mwanawe wa miaka kumi. Watafuteni wenzenu wale wa kwenye dirisha.

Jambo la mwisho, kwa ajili ya Warundi wanaorudi kwao. Tangu Septemba 2017 misafara ya kurejea kwa hiari imekuwa ikiondoka. Tiba ya kifua kikuu ni miezi sita. Dawa za VVU ni za maisha. Mtu akijiandikisha kurudi, swali lenu liwe: una dawa za muda gani, na una kadi au barua ya rufaa ya kwenda nayo? Muulizeni wakati wa kujiandikisha. Asubuhi ya basi, akiwa na magodoro kichwani, mtakuwa mmechelewa.

Kijana mmoja aliuliza swali ambalo naona niliweke hapa pia. Alisema: "Mama, mimi nikikuta mtu hana hata sabuni, na mfukoni nina elfu mbili, nimpe au nisimpe?"

Nikamjibu kwamba sitamkataza, ila asiifanye kuwa mbinu ya kazi. Kambi ina watu wengi kuliko mfuko wake, na jirani aliyekosa atajiuliza yeye kakosea nini. Akijikuta anatoa elfu mbili kila wiki, basi kuna kitu hakifanyi kazi mahali fulani, na hicho ndicho kinachotakiwa kufika juu. Fomu zenu za ripoti nimezisoma. Zina safu ya kaya zilizotembelewa na safu ya elimu iliyotolewa. Hazina mahali pa kuandika kwa nini ushauri haukufuatwa. Basi geuzeni karatasi, muandike nyuma: bomba la kijiji hiki halijatoa maji tangu Jumatatu, bibi huyu ameacha dawa kwa sababu ya choo, mtoto huyu hayumo kwenye kadi. Msimamizi wenu, aliyekaa hapa kulia, amekubali mbele yenu kwamba kila Ijumaa ataanza kusoma nyuma.